Kutenganisha taka nyumbani: anza na jikoni, chupa zitafuata

Mkuu, umeuliza familia ya watu sita hapa Mtwara mjini ianzie wapi, maana umenunua mapipa matatu ya rangi na bado kila kitu kinaishia kwenye pipa moja. Sisi tupo Chuno na jambo hili tunalifanya kwa miaka kadhaa sasa. Ushauri wangu: mapipa yaweke kando kwanza, shughulikeni na taka za jikoni tu.

Zaidi ya nusu ya taka za majumbani kwetu ni vitu vinavyooza: maganda ya mihogo na ming'oko, machicha ya nazi, mabaki ya ugali, matumbo ya samaki. Hivyo ndivyo vinavyolowesha karatasi, vinanukisha chupa na kumfanya mtu aogope kutia mkono. Vikishatoka, kinachobaki ni kikavu, na taka kavu hata mtoto anaichambua.

Kwetu kuna ndoo yenye mfuniko chini ya meza ya jikoni. Jioni inamwagwa kwenye shimo lililo kivulini nyuma ya nyumba, kisha juu tunafunika kwa majani makavu ya mwembe, mengi kuliko kile tulichomwaga, hata mara mbili au tatu. Majani makavu ndiyo yanayozuia harufu na nzi, kwa hiyo usiyachome tena ukifagia uwanja. Kila wiki geuza kwa jembe ili hewa iingie. Kamata konzi moja ukamue: maji yakichuruzika, ongeza majani, ikiwa vumbi tupu, nyunyiza maji. Kuanzia Desemba mpaka Aprili funika shimo kwa makuti, maana likijaa maji hewa inakosekana na uvundo unaanza. Mboji ikiwa nyeusi na inanukia udongo, ipeleke kwenye mchicha na matembele. Mchanga wetu huu haushiki maji, na mboji ndiyo inayousaidia.

Matumbo ya samaki usiyatie humo, paka na mbwa watalifukua. Yazikeni kwenda chini sana, karibu na mgomba. Maganda ya korosho pia hapana kabisa: yana mafuta makali yanayounguza ngozi, na yanachelewa mno kuoza. Na kama jirani ana mbuzi, asiwape maganda mabichi ya mihogo michungu, yana sumu.

Hilo likishazoeleka, chupa za maji ni kazi ndogo. Suuza, kanyaga, tia kwenye kiroba. Kukanyaga ni muhimu kwa sababu mzigo mwingi unasafirishwa Dar, zaidi ya kilomita 500, na hakuna anayetaka kulipia usafiri wa hewa. Ila usiwaahidi watoto pesa ya chupa. Mnunuzi anapima kwa kilo, na kiroba kizima cha chupa ni chepesi sana. Wakiona malipo wataacha. Vyuma chakavu na makopo ya soda vina afadhali, viwekeni peke yake. Chupa na kifuniko chake ni plastiki mbili tofauti: kata kipande cha kila kimoja utie majini, cha chupa kitazama, cha kifuniko kitaelea. Ndiyo maana wanunuzi wengine wanataka vifuniko viwe mbali. Muulize wako kabla hujajaza viroba.

Viroba vikae chini ya paa. Chupa au kopo lililoshika maji ya mvua, mbu wa dengue anakua humo ndani ya wiki moja hivi. Na tafadhali sana, plastiki isichomwe uani, moshi wake unawaumiza wenye pumu na watoto kwanza.

Mapipa yako yatafaa baadaye kwa taka kavu. Ila ongea mapema na anayepika. Ndoo ikiwa mbali na mahali anapomenyea mihogo, maganda yataishia sakafuni au kwenye pipa lile lile, kwa hiyo yeye ndiye achague ikae wapi.