Barua kwa mwanangu: huo mkopo wa milioni 6 uache kwanza

Tanga, 28 Septemba 2025

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, halafu nikausikiliza tena na kalamu mkononi. Huku hatujambo, shangazi yako anakusalimu, mvua bado. Umeniuliza mambo mawili kwa mpigo: kwa nini mshahara wa laki 9 haukufikishi tarehe 15, na je, uchukue huo mkopo wa milioni 6 anaokupigia simu yule dada wa benki, ulipe madeni ya kwenye simu, kisha kinachobaki ukaweke kwenye kiwanja Chanika. Nimeona nikuandikie, maana hesabu za kwenye simu mtu huitikia "sawa mama, sawa mama" na hajaandika hata moja.

La mkopo nakujibu kwanza: usichukue. Sisemi usikope maisha yako yote. Nasema mkopo huu, mwaka huu, kwa mshahara huu.

Tuanze na mshahara wenyewe, kwa sababu hapo ndipo unapojidanganya kila mwezi. Wewe hulipwi laki 9. Laki 9 ni ile iliyoandikwa kwenye mkataba. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10, yaani 90,000, na mwajiri anaongeza nyingine kama hiyo (siku moja kaangalie taarifa yako ya michango uone kama kweli anapeleka, usisubiri uzee). Inabaki 810,000 ya kukatwa kodi. Shilingi 270,000 za mwanzo hazikatwi, zinazofuata zinakatwa kwa ngazi, na kwa mshahara wako inatoka 80,500. Halafu Bodi ya Mikopo, waliokusomesha chuo, inakukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 135,000. Ukitoa vyote hivyo, kinachoingia ni 594,500. Basi kuanzia leo ukiulizwa unalipwa ngapi, moyoni jijibu laki 5 na elfu 94 na mia tano. Watu wakiuliza unaweza kuwaambia unachotaka.

Sasa huo mkopo. Umesema riba ni asilimia 17 kwa mwaka, inayopungua kadiri unavyolipa, miaka mitatu. Nimempa mtoto wa jirani anayesoma uhasibu apige: marejesho yanakuja kama 214,000 kila mwezi, na mpaka umalize utakuwa umerudisha kama milioni 7 na laki 7. Hapo sijaweka ada ya mkopo na bima, ambavyo hukatwa mwanzoni, kwa hiyo hata hiyo milioni 6 hutaiona kamili. Toa 214,000 kwenye 594,500, unabaki na 380,500. Benki wao wanaangalia usibaki chini ya theluthi ya mshahara, na theluthi yako ni laki 3. Kwao umefaulu. Lakini benki hawajakuuliza unalipa kodi ya nyumba kiasi gani wala nauli ya Tabata hadi Posta ni ngapi.

Nimeyapanga matumizi yako kama ulivyonitajia. Chumba na sebule 150,000 kwa mwezi. Chakula 150,000, ukipika jioni. Nauli 55,000. Luku, maji na gesi 35,000. Bando na vocha 20,000. Za kwangu 50,000. Jumla 460,000, na hapo hujanyoa, hujanunua shati, hujachangia harusi ya mtu. Ukiwa na 380,500 mkononi, pengo ni karibu elfu 80 kila mwezi, kwa miezi 36. Elfu 80 hizo utazitoa wapi? Utarudi kulekule kwenye simu. Wanasema dawa ya deni ni kulipa. Hakuna aliyesema ni kulipa kwa deni jingine.

Lakini tazama tena hesabu yangu. Mshahara 594,500, matumizi 460,000. Zinabaki 134,500. Kwenye karatasi hukopi hata senti. Mbona basi tarehe 15 huna kitu?

Hapa ndipo nilipokaa sana, baba, kwa sababu mwanzoni nami nilidhani ni starehe. Nikakuomba orodha ya siku ulizokopa, nawe ukanitumia. Nimeipitia mstari kwa mstari. Hukukopa kwa sababu ya chipsi wala soda. Umekopa Januari na Julai, mwenye nyumba alipotaka kodi ya miezi sita, 900,000 mkupuo mmoja. Umekopa Aprili, send-off na harusi zilipofuatana. Umekopa Juni, simu ilipovunjika kioo. Mwezi unaofuata kila mkopo, mshahara unaingia tayari una shimo, na shimo hilo unaliziba kwa mkopo mdogo, na huo nao unaacha shimo lake. Wewe unajilaumu kwamba huna nidhamu ya kila siku. Shida yako ni mambo makubwa machache ambayo tarehe zake unazijua miezi kabla, ila unayangoja yafike mlangoni.

Kodi ndiyo mzizi. Mwenye nyumba anapokea mara mbili kwa mwaka, lakini wewe unaila nyumba hiyo kila siku. Kwa hiyo mshahara ukiingia, 150,000 iondoke siku hiyohiyo, kabla ya chochote. Na isikae kwenye simu. Nakusisitiza hili kwa sababu ile huduma inayokukopesha pale salio lisipotosha hujikata yenyewe kila pesa inapoingia. Ukiweka kodi humo, umeiweka mdomoni mwa mdai. Fungua akaunti nyingine ya akiba, usichukue kadi, usiiunganishe na simu. Kwenda dirishani na kupanga foleni ni usumbufu, na usumbufu ndio unaoutaka.

Kodi inayofuata ni Januari. Mishahara minne ukiitoa hivyo unapata 600,000, siyo 900,000. Nenda kwa mwenye nyumba sasa hivi, Oktoba, siyo Januari akiwa amesimama mlangoni. Mwambie utalipa ya miezi minne safari hii. Ana mpangaji asiyepigana na majirani na hajawahi kuruka kodi. Sidhani kama atakufukuza. Akikataa, nijulishe mapema.

Sasa madeni ya simu. Umetaja matatu: 150,000, 80,000 na 50,000. La 150,000 ni la zile programu za mikopo, na ndilo la kuua kwanza. Wewe mwenyewe umeniambia uliwahi kukopa humo laki moja, ukarudisha laki moja na elfu 12 baada ya wiki mbili. Inaonekana ndogo. Lakini ukikaa na laki moja hiyohiyo mwaka mzima ukiizungusha kila wiki mbili, utakuwa umelipa 312,000 kwa kuiazima tu, na laki yao bado unadaiwa. Tena mtu wao alishanipigia simu mimi, akijiita afisa, akiniambia mwanao hana uaminifu. Namba yangu aliipata kwenye simu yako, uliporuhusu programu isome majina yote. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kabla ya kukopa popote, angalia leseni ya Benki Kuu. Kina mama wa huku wanaita mikopo ya namna hiyo kausha damu, na wana sababu.

Nitakufanyia hivi. Nina akiba yangu, nitakutumia 150,000 uimalize hiyo. Zile 50,000 unazonitumia kila mwezi, za Oktoba, Novemba na Desemba, utaendelea kuzituma, ila zitakuwa marejesho, siyo matumizi yangu. Mimi nitakula; biashara ya khanga hapa Ngamiani haijafa. Yale mengine mawili, jumla 130,000, yamalize kwa miezi miwili, 65,000 kila mwezi, kutoka kwenye ile 134,500. Usiyaache yakajifia. Benki zinapotaka kukukopesha huangalia taarifa zako kwenye kampuni zinazotunza kumbukumbu za wakopaji, na kijideni cha elfu 50 ulichokitelekeza kinaweza kukuzuia siku unayotaka mkopo wa maana.

Na hapa niseme jambo ambalo lilinikera. Kwenye orodha yako kuna siku mwezi wa 5 ulikopa 50,000, na siku hiyohiyo mimi nikapokea 50,000. Usirudie. Mwezi ukiwa mgumu, niambie "Mama, mwezi huu ni elfu 20," au "mwezi huu hakuna." Sikukuzaa niwe riba.

Michango. Najua kijana wa Dar es Salaam anaingizwa kwenye makundi matano ya harusi kwa mwezi, kadi inakuja na kiwango kimeandikwa kabisa, na jina lako linabandikwa kwenye orodha ya walioahidi. Tenga 30,000 kwa mwezi, ndiyo mfuko wako wa watu. Ndugu wa karibu na msiba vitangulie. Wengine wapate kilichobaki, hata elfu 10, na usiahidi kwa kalamu kabla ya mfuko kusema. Mwezi usio na harusi, zile 30,000 usizile, zinangoja Desemba. Ukionekana mchoyo, sawa. Wanaokuona mchoyo hawajui tarehe ya kodi yako.

Madeni yakiisha, ile 65,000 ina kazi mpya. Miezi ya kwanza iende kwenye akiba ya dharura mpaka ifike angalau matumizi ya mwezi mmoja. Ungeweza kuiweka UTT, ile taasisi ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kwenye Mfuko wa Ukwasi. Pesa inapata faida kidogo, na ukitaka kutoa unasubiri siku chache za kazi, muda wa kutosha hamu ya simu mpya kupoa. Baada ya hapo jiunge na SACCOS, chama cha akiba na mikopo, ya kazini kwenu, lakini kwanza uliza kama ina leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na uone hesabu zao za mwaka jana. SACCOS nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako. Ukiweka 65,000 kwa mwaka mmoja unakuwa na 780,000, na mlango wa zaidi ya milioni 2 umefunguka, kwa watu wanaokujua. Ila watakuomba uwe mdhamini wao nawe. Usimdhamini mtu ambaye deni lake huwezi kulilipa mwenyewe, maana akitoroka, akiba itakayokatwa ni yako. Kwenye kikoba chetu sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Kina mama wanapendana sana, na bado kufuli ni tatu.

Yule rafiki yako wa kundi la Telegram, anayesema weka laki moja upate laki mbili baada ya mwezi, mpishe. Uliza wakubwa wa hapo kazini kuhusu DECI, ule mchezo wa kutoa pesa ukiahidiwa kuvuna nyingi zaidi. Watu "walipanda mbegu" nchi nzima mpaka serikali ikaifunga mwaka 2009, na wengi hawakuvuna.

Kiwanja sijakisahau. Dalali anakuambia bei inapanda wiki ijayo. Dalali yeyote husema hivyo, wiki zote. Siku ukiwa tayari utanunua kilichopimwa, utaenda serikali ya mtaa na ofisi ya ardhi kabla ya kutoa pesa, na nitakuja tukakanyage pamoja. Tena nimeona kitu ambacho wewe hukukitaja. Deni lako lililobaki Bodi ya Mikopo ni 4,860,000. Kwa 135,000 kila mwezi, na kwa kuwa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiongeza deni, ilifutwa mwaka 2021, unamaliza baada ya miezi 36. Miaka mitatu ileile ambayo benki wanataka kukufunga. Ukikopa leo, siku Bodi inapokuachia ndiyo unamalizana na benki, hujaonja chochote katikati. Ukingoja, mwezi huo mshahara wako unaongezeka 135,000 bila kumpigia bosi magoti, na huku una akiba SACCOS. Hapo ndipo nitakapokusikiliza habari za Chanika.

Laki na nusu nitaituma Jumatatu asubuhi, maana leo wakala wa hapa kwetu hana salio. Ukishailipa, nitumie ujumbe wa uthibitisho kisha uifute programu hiyo, na yule dada wa benki mjibu kwa adabu kwamba umeshauriana na mama. Akisisitiza, mpe namba yangu.

Mama yako