Kabla ya kuchagua mbinu ya kudhibiti torki, ijue mota yako

Katika kazi yangu ya kurekebisha kontrola za pikipiki za umeme, huulizwa mara kwa mara ni mbinu ipi ya kudhibiti torki (nguvu ya mota ya kuzungusha) isiyopoteza chaji ya betri. Jibu langu huanzia kwenye mota yenyewe, kwa sababu mbinu inayoifaa rota (sehemu ya mota inayozunguka) yenye sumaku zilizobandikwa juu siyo inayoifaa rota ambayo sumaku zake zimezamishwa ndani ya chuma.

Kuzitofautisha si kazi ngumu. Kati ya nyaya tatu za mota, uache mmoja bila kuunganishwa, weka kipima induktansi (kiasi ambacho koili hupinga mabadiliko ya mkondo) kwenye mbili zilizobaki, kisha zungusha shafti kidogokidogo kwa mkono huku ukisoma kipimo kila unaposimama. Namba isipobadilika sana, sumaku ziko juu. Ikipanda na kushuka waziwazi, ziko ndani; nusu ya namba ya chini kabisa ndiyo induktansi ya mhimili wa d (unaoelekea upande wa sumaku za rota), na nusu ya ile ya juu kabisa ni ya mhimili wa q (unaoukata huo kwa digrii 90 za umeme).

Mota ya aina ya kwanza huhitaji mkondo wa q pekee, mradi volteji ya betri bado inatosha kwa kasi iliyopo. Ya pili ukiiendesha hivyo unaipunja, kwani mkondo wa d ukiwa hasi, chuma cha rota nacho huchangia torki. Tuchukue mota yenye mtiririko wa sumaku wa weba 0.08, induktansi za milihenri 0.2 na 0.5, na mkondo ambao kilele chake ni ampea 150. Ukiugawa uwe takriban ampea 59 hasi kwenye d na 138 kwenye q, torki huongezeka kwa karibu asilimia 12, ilhali joto linalozalishwa na koili ni lilelile.

Hata hivyo, induktansi ya q hushuka chuma kinapofurika sumaku, na sumaku za neodimiamu hupungua nguvu zinapopata joto. Ndiyo maana naliamini zaidi jedwali la mgao wa mkondo lililopimwa kwenye dainamomita (mashine ya kupima torki) kuliko fomula: shikilia mkondo mmoja, badilisha pembe yake, yaani mgao wake kati ya d na q, taratibu, na uandike pale torki inapofikia kilele.

Udhibiti wa moja kwa moja wa torki, ambao wahandisi Wajapani Takahashi na Noguchi waliueleza mwaka 1986, hujibu haraka sana, lakini torki yake hutetemeka zaidi, hivyo kwa pikipiki nachagua udhibiti wa vekta, yaani huu wa kuugawa mkondo kati ya d na q.

Hata hivyo, kabla ya yote hayo, kagua sensa ya pembe ya rota. Kwenye mota ya gurudumu yenye jozi 20 za ncha za sumaku, ikikosea digrii 1 tu ya mzunguko, kosa hilo ni digrii 20 za umeme, na torki hupungua kwa takriban asilimia 6, hasara ambayo hakuna jedwali litakaloifidia.