Kituruki kwa anayeanza: neno lisome kutoka nyuma

Mdogo wangu unayejiandaa kwenda Uturuki, ule mwaka wa lugha kabla ya chuo usikutie hofu. Sarufi yao nusu unayo tayari kinywani, ila mwalimu wa huko hawezi kukwambia, maana Kiswahili hakijui.

Chukua "hawakuja". Kwao ni gelmediler. Likate: gel ni -ja, me inakanusha, di ni wakati uliopita, ler ni wao. Vipande ni vilevile. Sisi tunavipanga mbele ya mzizi, wao wanavipachika nyuma. Usikariri neno zima. Likate kwanza, anzia mkiani. Sentensi nayo ni hivyo hivyo, kitenzi hukaa mwisho: ben kitap okuyorum, yaani mimi kitabu nasoma.

Panapowatoa watu jasho ni irabu. Ev ni nyumba, wingi wake evler. Kitap ni kitabu, wingi kitaplar. Kwa nini kiambishi kinageuka? Nami nikuulize: kwa nini unasema "pikia" lakini "somea"? Hakuna aliyekufundisha, irabu ya mzizi ndiyo inayoamua. Kwao tazama irabu ya mwisho: ikiwa e, i, ö au ü, weka -ler, ikiwa a, ı (i isiyo na nukta), o au u, weka -lar. Saat, yaani saa, imekaidi, ni saatler. Maneno yaliyotoka Kiarabu yana vituko vyake.

Ngeli hawana, shukuru. Lakini hapo ndipo mazoea yetu yanapotuponza: vitabu viwili ni iki kitap, umoja, kwa sababu namba imeshasema kuwa ni vingi. Mimi nilisema iki kitaplar muhula mzima.

Herufi utazizoea: c ni j yetu, ç ni ch, ş ni sh. Cuma inatamkwa "juma", nayo ni Ijumaa.

Ila saa! Neno unalijua, namba unazijua, na bado utapotea. Niliambiwa nifike ofisi fulani saat ikide. Iki ni mbili, nikafika saa mbili asubuhi, shati nimelipiga pasi. Wao saa wanaihesabu kuanzia saa sita yetu ya usiku na ya mchana. Walimaanisha saa nane mchana. Nilikaa kwenye benchi la korido kwa muda wa saa sita, daftari mapajani, nikikatakata vitenzi.