Jibu: Kwa nini tangazo la gemu linakurudisha utotoni

Ndugu, umeuliza kwa nini tangazo fupi tu la gemu linakupa hamu ya utotoni wakati umeacha kucheza zamani. Kwa maoni yangu, kinachofanya kazi kubwa ni sauti. Ule mlio wa PlayStation ya kwanza ikiwaka tuliusikia kila mara kabla ya kucheza, kwa hiyo ukisikika tena unakuja na kila kitu: waya wa padi uliojisokota sakafuni, kaka mtu anayekataa kuachia zamu. Watangazaji wanalijua hilo vizuri. Kampuni ya Nintendo walipotoa mwaka 2016 NES ndogo, yaani toleo dogo la mashine yao ya gemu ya miaka ya 1980, ikiwa na gemu 30 za zamani ndani yake, watoto wa miaka ya 1980 walishakuwa watu wazima wenye kipato. Hamu yako ni ya kweli kabisa, usiionee haya. Ila kabla hujalipa, mpigie kwanza yule mliyekuwa mkicheza pamoja.