Sigara ya babu, tambuu ya harusi: maswali yenu kuhusu saratani

Tangu niandike kwamba saratani 30 hadi 50 katika kila 100 zingeweza kuepukika (hesabu ni ya Shirika la Afya Duniani), simu yangu haijapumzika. Maswali ya kama sufuria na mifuko ya plastiki huleta saratani nimeyaweka kando leo. Wana Tanga tunaichunguza sana sufuria huku sigara iko kidoleni.

Shikamoo Bi Nesi. Navuta pakiti moja kwa siku, mwaka wa 22 huu. Babu yangu alivuta hadi miaka 90 akafa kwa uzee wake tu. Na hata nikiacha sasa, si nimeshachelewa? – Ngamiani

Marahaba mwanangu. Babu yako namjua, maana kila ukoo unaye mmoja. Waliokufa na miaka 55 ndio hawatajwi barazani. Mtu anaweza kuvuka barabara kuu pale Segera amefumba macho akafika ng'ambo salama, na bado usingemtuma mwanao avuke hivyo.

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na 70 hivi kati yake husababisha saratani. Wala hazikai mapafuni tu. Huingia kwenye damu, figo huzichuja, kisha hukaa kibofuni zikisubiri uende haja ndogo. Ndiyo maana mvutaji huugua hata saratani ya kibofu, achilia mbali koo na kongosho. Kila siku ya kuvuta huacha majeraha madogo kwenye vinasaba vya seli. Mengi mwili huyatengeneza, machache hubaki, na miaka huyajumlisha.

Hujachelewa. Aliyeacha, baada ya miaka 10 hivi hatari yake ya saratani ya mapafu hushuka hadi karibu nusu ya ile ya mwenzake anayeendelea. Haitalingana na ya asiyewahi kuvuta, sikudanganyi. Wiki za mwanzo utakuwa mkali nyumbani, basi mwambie mkeo mapema. Na usije ukahamia shisha: ni tumbaku ileile, moshi wake umepitishwa majini tu.

Natafuna tambuu tangu harusi yangu. Tumbaku sitii, ni jani, popoo na chokaa basi. Jirani ananitisha. – Mama, Makorora

Jirani yuko sawa, mama, hata kama kakutisha vibaya. Wengi wetu tumeibebesha tumbaku lawama zote, kumbe popoo peke yake imo kwenye kundi la kwanza la Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Chokaa huchubua ngozi laini ya shavu, na popoo hupata njia. Kwa waliotafuna miaka mingi, ngozi ya ndani ya shavu huweza kukakamaa kama kamba, mtu akashindwa kupanua kinywa hata kuuma embe. Ukiona dalili hiyo, au baka jeupe au jekundu lisilofutika, au kidonda kilichopita wiki mbili, nenda kwa daktari wa meno, usingoje kiume.

Najua kukataa tambuu mbele ya wakwe si jambo dogo. Marehemu mama alikuwa na kijaluba chake cha tambuu, tulikipigania sisi mabinti. Nilikipata mimi, na leo natilia sindano na vifungo.

Kahawa ya kijiweni nayo? – Chumbageni

Kahawa haina kosa, moto ndio unaoshukiwa. Kinywaji kinachozidi nyuzi 65, kikipita kila siku, huunguza umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na wataalamu wanakihusisha na saratani ya hapo. Weka kikombe chini, maliza kwanza ubishi wa mpira, ndipo unywe.

Tembo la mnazi ni la asili, halina kemikali za kiwandani. Hilo si salama? – Pangani

Kilevi ni kilevi, kaka, kiwe kimegemwa juu ya mnazi au kimefungwa kwenye chupa. Mwili hukigeuza kuwa asetaldehidi, sumu inayoharibu vinasaba, na madhara yake yameonekana mdomoni, kooni, kwenye umio, ini, utumbo mpana na titi. Na ukinywa huku unavuta, hatari ya mdomo na koo haijumlishwi, huzidishwa.

Mama yetu amekutwa na saratani ya titi. Hakuwahi kuvuta wala kunywa, kanyonyesha watoto sita. Kakosea nini? Ndugu wanataka tuanze na majani ya mstafeli kwanza. – Pongwe

Poleni sana. Mama hajakosea lolote. Kunyonyesha hupunguza hatari ya saratani ya titi, hakuifuti. Mienendo mizuri ni kama kufunga mlango usiku: mwizi hupata tabu, lakini nyumba zilizofungwa nazo huibiwa, na hatumlaumu mwenye nyumba. Tafadhali msiruhusu mtu yeyote amkalishe mgonjwa kitako amwulize aliishi vipi.

Mstafeli umejaribiwa kwenye vichupa vya maabara na kwa wanyama. Hakuna uthibitisho kwamba umemponya binadamu. Kwenye kichupa hata dawa ya kusafishia choo huua seli za saratani. Linalonitisha katika barua yako ni neno "kwanza". Nimewapokea wodini akina mama waliokuja na titi lililokwisha kuoza baada ya miezi ya majani, wakati uvimbe wao ulianza kama punje ya harage. Mpelekeni hospitali wiki hii, apewe rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ikibidi. Juisi ya stafeli anywe kwa utamu wake, ila majani na dawa nyingine za miti daktari aambiwe.

Bi Nesi, nimenenepa baada ya kukoma hedhi. Huku kwetu nyama ndiyo uzuri. Kuna ubaya? – Raskazone

Uzuri siuingilii. Ila baada ya hedhi kukoma, mafuta ya mwili ndiyo hutengeneza sehemu kubwa ya estrojeni, homoni inayoweza kuchochea saratani ya titi na ya mfuko wa uzazi. Huna haja ya jimu. Mji wetu ni wa baiskeli, na dakika 150 kwa wiki za kukanyaga au kutembea kwa haraka zinatosha kuanzia. Na hayo maandazi mawili ya saa nne, liwe moja.

Shuleni wanataka kumchanja binti yangu wa miaka 11 kinga ya saratani ya mlango wa kizazi. Watu wanasema atakuwa tasa. – Mikanjuni

Chanjo haigusi kizazi, dada. Humo hamna kirusi hai, ni maganda tu ya kuufundisha mwili kumtambua adui, yaani virusi vya HPV. Aina mbili za virusi hivyo, ya 16 na ya 18, husababisha karibu 70% ya saratani hiyo. Nchini chanjo ilianza 2018, na tangu 2024 dozi moja inatosha kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kinachomwacha mwanamke bila kizazi ni saratani yenyewe, akiondolewa mfuko mzima ili apone.

Sasa nawe hukuniuliza, nakuuliza mimi: umeshapimwa? Ukifika miaka 30, nesi hupaka mlango wa kizazi siki iliyozimuliwa, ndugu ya ile ya kachumbari, na palipoanza kubadilika huonekana peupe. Ni dakika chache tu. Siku ukienda, vaa sketi pana.