Muulize Mjomba Santuri: Yang'aa, Lakini Yakwaruza

*Shikamoo Mjomba. Nimeagiza kwa posta santuri ya roki ya mwaka 1971, muuzaji kaiandika VG+, yaani daraja la "nzuri sana na zaidi". Ilipofika nimeigeuzageuza, sioni mkwaruzo, inang'aa kabisa. Nyimbo mbili za mwanzo zinalia safi. Lakini sindano ikisogea karibu na lebo, sauti ya mwimbaji inapasuka na matoazi yanabaki "shhh" tupu. Rafiki yangu anasema sindano yangu imekwisha. Muuzaji anasema, "Mbona inang'aa?" Nani anasema kweli?*
*Mpwa Mwenye Masikio*

Marahaba, mpwa wangu. Rafiki yako tummalize kwanza. Chukua santuri nyingine unayojua ni nzima, usikilize wimbo wa mwisho wa upande wowote. Ikilia safi mpaka mwisho, sindano yako haina kosa na ubishi umekwisha.

Sasa muuzaji. Huyo hakudanganya, kafanya uvivu tu: ameitazama santuri, hakuisikiliza. Sindano haitembei juu ya uso unaong'aa. Inashuka ndani ya mfereji na kusugua kuta zake mbili, na kuta hizo jicho halizioni vizuri. Santuri ya LP, ile kubwa ya nyimbo nyingi, huzunguka mara 33⅓ kwa dakika tangu mwanzo hadi mwisho, lakini duara la nje ni refu na la ndani ni fupi. Pembezoni mfereji hupita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 50 hivi kwa sekunde. Karibu na lebo ni kama 20 tu. Muziki uleule umebanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Ndiyo maana sindano iliyochakaa huanza kula pale ndani, tena kwenye sehemu za kelele: matoazi, herufi "s" za mwimbaji, gitaa likipaa.

Na roki, tusifichane, haikupigwa na watu wapole. Ilipigwa kwenye sherehe, kwenye mashine za bei chee zenye mkono mzito. Wengine walibandika sarafu juu ya kichwa cha sindano ili isiruke watu wakicheza! Vichwa vingi vya leo hukandamiza kwa gramu 2 hivi. Jumlisha sarafu uone. Mfereji ukishaliwa, umeliwa. Osha utakavyo, hautarudi.

Ushahidi upo, ila haupo kwenye mng'ao. Tazama tundu la katikati. Kila aliyeweka santuri kwenye mashine bila kulenga aliikokota lebo juu ya ncha ya chuma iliyosimama katikati ya mashine, ikaacha vistari vyembamba kulizunguka tundu. Lebo yenye vistari chungu nzima ni ya santuri iliyopigwa sana, hata kama mwenyewe anaapa kwamba ilikaa kabatini. Mimi hutazama tundu kabla ya kava.

Mikwaruzo nayo ina taa yake. Zima taa zote, washa moja tu, inamisha santuri mwanga upite kwa ubavu. Chini ya mwanga uliotawanyika kila kitu kinaonekana kipya. Mkwaruzo unaokatiza mifereji utausikia ukigonga "ta", kisha "ta" tena baada ya sekunde 1.8, kwa kuwa huo ndio muda wa mzunguko mmoja. Unaofuata mkondo wa mfereji ni mbaya zaidi hata ukiwa mfupi, maana ndio unaoirusha sindano au kuinasa ikarudia neno lilelile. Pitisha ukucha polepole: mstari unaonasa ukucha utasikika, usikubali kuambiwa ni wa juujuu.

Kuhusu madaraja, muulize muuzaji anatumia kipimo kipi. Cha jarida la Goldmine la Marekani hushuka kutoka M (mpya kabisa) hadi NM (karibu mpya), kisha VG+, VG (nzuri sana), G+, G (nzuri) na P (mbovu). Kile cha Record Collector la Uingereza kina EX (bora) kati ya M na VG, ambayo kwa ukaribu ni VG+ ya Wamarekani. VG ya Goldmine ni santuri yenye kelele inayosikika nyimbo zikitulia, na thamani yake huhesabiwa kama robo ya NM. VG+ ni nusu. Kwa hiyo umelipia nusu ukaletewa robo, na hapo ndipo pa kumkamatia. Usimwandikie "umeniibia". Mwandikie upande gani, wimbo wa ngapi, dakika ya ngapi sauti inapasuka, na kwamba santuri nyingine kwenye mashine hiyohiyo hazipasuki. Omba kurudisha, au akurejeshee tofauti. Muuzaji anayejali jina lake atakuelewa. Siku nyingine uliza kabla ya kulipa: "Umeisikiliza, au umeitazama tu? Wimbo wa mwisho unaliaje?"

*Mjomba, santuri yangu ina ukungu mweupe. Nimeosha kwa maji na sabuni laini, umebaki vilevile. Nisugue zaidi?*
*Dada wa Upande B*

Usisugue, dada. Kama ni kuvu, ungetoka au ungepungua. Nadhani ilihifadhiwa kwenye mfuko laini wa plastiki ya PVC. Kemikali za kulainisha plastiki hiyo hutoka polepole na kushambulia santuri. Iinamishe kwenye mwanga: ukiona ukungu umefuata umbo la mfuko au mikunjo yake, jibu ndilo hilo, na sauti itakuwa na mvumo wa "shhh" usioosheka. Ihamishie kwenye mfuko wa karatasi au polithini, na uzitoe nyingine zote zilizo kwenye mifuko ya aina hiyo leo hii, usingoje wikendi.

*Kava limekatwa kona kwa msumeno. Je, ni bandia?*
*Mgeni*

Hapana. Kampuni zilikata kona au kutoboa tundu kwenye santuri zilizododa, ili ziuzwe kwa bei ya kutupa na zisirudishwe kama mpya. Kava hushuka daraja, muziki haujaguswa. Hakikisha tu msumeno haukufika kwenye santuri yenyewe. Kava la kuogopa kweli ni la Sticky Fingers ya The Rolling Stones, 1971, lenye zipu halisi ya chuma. Zilipopangwa moja juu ya nyingine, zipu ziliminya santuri za jirani. Ukiipata, ishushe zipu mpaka katikati, ikae usawa wa lebo, na kagua pia santuri iliyolala ubavuni mwake.