Kilele kizuri cha mtoto njiti

Juzi nimepita wodi ya njiti nikakuta intani wawili wameinamia katoto ka kilo moja na nusu, wanafurahia timpanogramu, ile grafu inayoonyesha kama ngoma ya sikio inacheza vizuri hewa ikisukumwa. Kilele kimesimama kama Kibo asubuhi. Nikachungulia skrini: toni ya kupimia hezi 226, ya watu wazima. Nikatafuta kiti kwanza.

Wadogo zangu, nawapenda, ila haya siyarudii tena.

1. Toni ni hezi 1000 mpaka mtoto atimize miezi sita, na kwa njiti miezi hiyo inahesabiwa tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Kuta za tundu la sikio lake bado ni gegedu laini. Ukisukuma hewa zinacheza zenyewe, na 226 inakuchorea kilele hata kama nyuma ya ngoma kumejaa maji. Najua mlifundishwa. Hata mimi nilifundishwa.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nililetewa njiti wa wiki 31. Alikuwa amekaa wodini zaidi ya mwezi: sipapu ya kumsaidia kupumua, mpira wa kulishia puani, sindano za jenta, dawa inayoweza kudhuru sikio la ndani. OAE, kipimo cha mwangwi wa sikio la ndani, ikagoma masikio yote mawili. Nikapiga timpano kwa mashine iliyotoka kliniki ya watu wazima, toni sikuigusa. Kilele safi. Basi nikajumlisha: sikio la kati zima, OAE hakuna, jenta kachomwa, hiyo ni koklea, yaani sikio la ndani ndilo bovu. Nikaandika kwenye faili, nikamwambia mama yake kwa ile sauti ya upole tunayoiga kwa wakubwa. Hakuuliza kitu. Aliikunja karatasi ya grafu akaitia kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na kadi ya kliniki.

Alirudi baada ya miezi miwili. Dada mkuu wa kitengo akapima upya kwa 1000, mstari ukalala chali, kilele hakuna. ABR ya kupitia mfupa, kipimo cha neva ya kusikia mpaka kwenye ubongo, ilikuwa safi. Yalikuwa maji tu! Tukamfuatilia mpaka yakakauka na OAE ikapita. Siku hiyo mimi nachekelea, mama ananitazama. "Kwa hiyo tungeongea naye angesikia? Maana tuliacha. Hata kumbembeleza nilikuwa nambembeleza kimya."

Karatasi ile alinirudishia. Ninayo drooni, wino umefifia, kilele bado kinaonekana.

2. Chungulieni tunduni kabla ya kuingiza probu, ile ncha ya mashine inayoingia sikioni. Ule utando mweupe wa kuzaliwa nao ukiziba, mashine inasoma ujazo mdogo mno, nanyi mnaandika "ugonjwa".

3. Njiti aliyelazwa zaidi ya siku tano hakwepi ABR. OAE inaweza kupita huku neva haipeleki kitu, hasa kwa aliyepata manjano kali.

4. Pimeni akiwa ameshiba na amelala, ikiwezekana kifuani kwa mama kwenye kangaruu. Kuna mmoja wenu alimfinya mtoto unyayo "ili ashirikiane". Ashirikiane na nani, jamani? Alilia, wa jirani akalia, wodi nzima ikaitikia, na nesi wa zamu tangu siku hiyo ananisalimia kwa nyusi.

5. Vikofia vya probu vioshwe, vihesabiwe, virudi kwenye kopo lake. Kile kidogo kuliko vyote kilikuwa kimoja, na tangu juzi hakionekani. Aliyenacho ninamjua. Mtoto wa kitanda cha nne anapimwa kesho saa mbili asubuhi. Nikifika nikikute mezani.